Wanawake Waliovuka Tana

Huko Mwingi, nchini Kenya, miaka ya kale huhesabiwa kwa njaa. Wazee wa Kitui ya kaskazini, kuanzia Migwani hadi Kyuso na Tseikuru, hawakupanga kumbukumbu zao kwa majina ya watawala wala kwa vita. Walizipanga kwa yua, yaani njaa, na kila yua ilipewa jina lake. Inayotajwa kwa uzito kuliko zote ni Ngomanisye, njaa ya kati ya 1897 na 1900, ambayo jina lake linasema kwamba hapakuwa na mahali isipofika. Katika masimulizi ya njaa hiyo wanawake hutajwa kwa mkupuo, pamoja na vitu vilivyopotea: ng'ombe waliisha, wazee walikufa, watoto walikufa, wasichana na wake wa watu wakaenda Ukikuyu, Embu, Mbeere na Tharaka. Hapo habari zao hukomea, na msimulizi huendelea na waliobaki. Makala haya yanapinga ukomo huo. Wanawake waliovuka mto Tana katika miaka ile walikuwa wahamiaji, kwa maana kamili ya neno hilo: walifika ugenini bila ndugu, wakajifunza kilimo kingine na desturi nyingine, wakaanzisha nyumba, na kwa kufanya hivyo wakaziunga upya jamii za pande mbili za mto. Kuwaweka katika orodha ya hasara ni kuikosea historia ya Mwingi, na pia ni kuikosea historia ya majirani zake.

Tuanze na nchi yenyewe. Mwingi ni nchi kavu, yenye vilima kama Mumoni na tambarare zinazoteremkia Tana. Mvua ya kutegemewa ni ya mwisho wa mwaka, ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei mara nyingi hunyesha kidogo na kukatika. Kwa sababu hiyo wenyeji walilima mawele, mtama, kunde na mbaazi, wakafuga ng'ombe na mbuzi, wakatundika mizinga ya nyuki, na wakaweka uhusiano na watu wa nchi zenye mvua ili wapate pa kukimbilia shamba likikauka. Mpango huo ulifanya kazi kwa vizazi. Mwishoni mwa karne ya 19 kila nguzo yake ilitikiswa kwa wakati mmoja. Sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe wengi katika miaka ya 1890, kwa hiyo mali ambayo familia ingeibadilisha kwa nafaka ilikuwa imepungua. Biashara ya pembe za ndovu, iliyowatajirisha Wakamba, wenyeji wa Kitui, katikati ya karne wakati Kivoi wa Kitui alipoongoza misafara hadi pwani, ilikuwa imetoka mikononi mwao. Nzige walikuja, mvua zikakosekana msimu baada ya msimu, kisha ndui ikaandamana na wenye njaa kila walikokwenda. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na ikaleta mchele wa msaada kwa waliokuwa karibu nayo, lakini Kyuso na Mumoni zilikuwa mbali na reli. Chakula kilichokuwa karibu kilikuwa ng'ambo ya Tana, katika nyanda za juu za Embu na sehemu za Murang'a na Nyeri, ambako mvua ya milimani haikukatika kabisa. Hata Wakikuyu wa kusini, wa upande wa Kiambu, walikufa kwa wingi katika miaka hiyohiyo. Kwa hiyo tusidhani kwamba upande mmoja ulikuwa wa wenye njaa na mwingine wa walioshiba.

Namna wanawake walivyovuka inaeleweka vizuri tukiangalia mapatano ya rehani. Mwanamume wa Kitui ambaye ghala lake lilikuwa tupu alikwenda kwa mtu aliyefahamiana naye katika biashara, au kwa mgeni kabisa, akiwa na binti yake, dada yake au mke wake. Alipewa nafaka ya kurudi nayo, na mwanamke akabaki. Mwenye nafaka alimlisha na kumtumia kazini. Wenyewe wakipata mifugo baada ya mvua kurudi, wangeweza kuja kumkomboa; wasipokuja, aliyempokea angemwoza au kumwoa, na mifugo ambayo ingefuata baadaye ingehesabiwa kuwa mahari. Wengine hawakupelekwa na mtu. Walijitoa wenyewe, mama na watoto wake, au kundi la wajane, wakavuka Tana mahali penye maji machache, wakabisha hodi kwenye boma la kwanza lenye moshi. Mwanahistoria Charles Ambler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Kitui, Mbeere na Embu kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Kenya ya kati, anaonyesha kwamba watu waliohama hivi walihesabika kwa maelfu, na kwamba wanawake na watoto walikuwa sehemu kubwa yao. Sababu yake ni ya kiuchumi. Katika nchi yenye mashamba na chakula, mwanamke alikuwa mikono ya kulima na tumbo la kuzaa warithi. Mwanamume mgeni alikuwa mdomo wa kulishwa na pengine mkuki wa kuogopwa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanamke aliyetoka Mwingi alipewa jembe siku ya kwanza, na jembe hilo lilikuwa la kilimo asichokijua. Alikuwa bingwa wa mawele na kunde, wa kupanda mapema kwenye udongo mkavu akisubiri mvua, wa kufukuza ndege mashambani kwa majuma mengi hadi masuke yakomae. Sasa aliwekwa kwenye mteremko wenye migomba, viazi vikuu na viazi vitamu, na bondeni kwenye nduma zinazotaka tope la kudumu. Alilazimika kujifunza lini mgomba hupunguzwa machipukizi, na jani lipi la kiazi ni mboga na lipi ni la mbuzi. Lugha ilimpa nafuu, kwa kuwa Kikamba, Kikikuyu, Kiembu na Kimbeere ni ndugu wa karibu, na mtu mwenye masikio mepesi angeweza kuelewana na wenyeji baada ya miezi michache. Mwili wake, hata hivyo, ulimtangaza kila alipofungua kinywa. Wakamba wa wakati huo, wanaume kwa wanawake, walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912 na kuandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, aliieleza desturi hiyo kwa kirefu. Miongoni mwa Wakikuyu na Waembu meno hayo yalikuwa alama isiyofutika. Mwanamke aliweza kubadili vazi, shanga na lafudhi, lakini kila alipocheka kisimani wenzake walijua alikotoka.

Hakufika mikono mitupu. Wanawake wa Ukambani walikuwa wafinyanzi wa vyungu na wasukaji wa viondo, na ufundi huo ulikuwa mali isiyoweza kutwaliwa na njaa. Nyuzi za kiondo zilitokana na magome ya miti ya nchi kavu, hasa mbuyu. Mwanamke alilitafuna au kulilowesha gome mpaka likalainika, akalichana vipande vyembamba, kisha akavisokota viwili viwili juu ya paja lake kwa kiganja, akiwa ameketi, hadi apate uzi mrefu wa kuanzia kitako cha kikapu. Kazi hiyo haikuhitaji shamba, mume wala ruhusa. Mbuyu haumei kwenye miteremko ya Embu, kwa hiyo msukaji alitafuta mimea mingine yenye nyuzi, akaijaribu na kuizoea. Kikapu kikiisha kilibadilishwa sokoni kwa chakula, na huo ndio mlango mmoja ambao mwanamke wa rehani aliutumia kuingia katika mtandao wa wanawake wenzake. Claire Robertson, katika utafiti wake wa 1997 juu ya biashara ya wanawake wa Kikikuyu na Kikamba kandokando ya Nairobi, anathibitisha kwamba wanawake wa jamii hizi walikuwa wafanyabiashara wa chakula na vyombo kabla mzungu hajaweka soko lolote. Inajulikana pia kwamba wanawake wa Kikikuyu waliendelea kufanya biashara na Wamaasai hata wakati wanaume wa pande hizo mbili walipokuwa wakivamiana. Mipaka ya wanaume ilikuwa na milango ya wanawake, na wanawake wa Mwingi waliingia kwa milango hiyo.

Ili kuona kwamba haya ni maisha ya wahamiaji, inafaa kuyatazama sambamba na ya wanawake wengine wa zama zilezile ambao dunia haikusita kuwaita hivyo. Kati ya 1908 na 1920 maelfu ya wasichana wa Kijapani walivuka bahari ya Pasifiki kwenda Hawaii na California kama maharusi wa picha. Makubaliano ya 1907 na 1908 kati ya Marekani na Japani yalikuwa yamewafungia njia vibarua wapya, lakini wake wa waliokwisha kufika waliruhusiwa. Basi familia zilibadilishana picha, jina la msichana likaandikwa katika daftari la ukoo wa mume ambaye hajamwona, naye akapanda meli. Wengi walifika bandarini wakamkuta mwanamume mzee kuliko picha aliyoituma. Kesho yake walikuwa katika mashamba ya miwa wakipukuta majani makavu kwa ujira mdogo kuliko wa wanaume, na jioni wakiwafulia na kuwapikia makapera kwa senti chache. Kabla yao, wasichana wa familia maskini za Amakusa na Shimabara, kusini mwa Japani, walikuwa wamepelekwa kwenye madanguro ya Singapore na Borneo, mara nyingi kwa sababu baba alipokea fedha za mkopo ambazo binti alitakiwa kuzilipa kwa mwili wake. Baadhi yao walifika hata Unguja, wakaishi na kufa mbali na kwao katika mji ambao Waswahili wenyewe waliujua kama mji wao. Deni la familia, binti anayebeba mzigo wa nyumba, kazi inayoanza kabla ya machozi kukauka: mambo haya yalikuwa Amakusa, na yalikuwa Kyuso.

Kuna atakayesema kwamba ulinganisho huu umevutwa mno. Wajapani walivuka bahari kwa meli na pasipoti, wakaenda nchi yenye rangi nyingine ya watu na sheria nyingine. Mwanamke wa Mwingi alivuka mto kwa miguu na kufika kwa watu wanaosema lugha jirani. Ni kweli kwamba umbali haulingani, na kwamba Mkamba nchini Embu hakukutana na ubaguzi kama ule uliofikia sheria ya Marekani ya 1924 ya kuwazuia Waasia, au amri ya 1942 iliyowafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani. Lakini umbali wa mhamiaji haupimwi kwa maili peke yake. Hupimwa pia kwa swali hili: akionewa usiku huu, nani atamsikia? Mwanamke aliyeolewa kwao Migwani alikuwa na kaka zake mwendo wa nusu siku. Mume akimpiga alirudi kwa baba, na wazee wa pande mbili wakakaa. Mahari ilikuwa kamba iliyofunga watu wengi kumlinda. Mwanamke wa rehani hakuwa na kaka wa kumwendea wala mbuzi waliotolewa kwa ajili yake, na ukoo uliompokea ungeweza kumfanyia lolote bila kulipa faini kwa yeyote. Upweke huo wa kisheria ndio kiini cha ugeni, na katika jambo hilo Tana ilikuwa pana sawa na bahari.

Jambo la kuvutia zaidi ni namna walivyoutoka upweke huo. Jamii za mlima Kenya zilikuwa na taratibu za kumfanya mgeni kuwa mzaliwa. Kwa Wakikuyu kulikuwa na sherehe ya kuchinja mbuzi au kondoo ambayo kwayo mtu wa nje alizaliwa upya ndani ya ukoo, akapata baba, kaka na haki ya kusikilizwa. Jomo Kenyatta alieleza taratibu za namna hiyo katika kitabu chake cha 1938, na Louis Leakey aliziandika kwa undani zaidi. Kwa mwanamke aliyeletwa na njaa sherehe hii ilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa ilimpa watu wa kupokea mahari yake na, kwa hiyo, watu wa kumtetea. Kisha kulikuwa na watoto. Kikikuyu humwita binti wa kwanza jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Kwa kanuni hiyo tu, mwanamke asiye na ndugu hata mmoja katika bonde zima alikuwa na haki ya kulileta jina la mama yake aliyeachwa Mumoni, au aliyekufa njiani, likaitwa kila asubuhi katika nyumba ya wageni. Waliotaka kumfuta hawakuweza kumfuta pasipo kuvunja desturi yao wenyewe.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka katika miaka iliyofuata mvua. Mavuno yaliporudi, wanaume wa Kitui waliokuwa wamepata mifugo tena walianza kuvuka Tana kuwatafuta mabinti na wake zao. Utawala wa Waingereza nao ulikuwa ukijenga vituo vyake, Fort Hall mwanzoni mwa karne na Embu mwaka 1906, na maofisa wakajikuta wakisikiliza mashauri ya wanawake waliowekwa rehani: huyu anadai mkewe, yule anasema amemlisha miaka mitano, mwingine anataka mbuzi kabla ya kumwachia. Wanawake wengine walirudi Mwingi kwa furaha. Wengine walikataa kurudi, na Ambler anaonyesha kwamba wengi waliishia kubaki walikokuwa. Tuutafakari ukataaji huo. Mwanamke aliyekuwa rehani amesimama mbele ya baba yake aliyekuja na mifugo, mlango wa kurudi uko wazi, na anachagua shamba la nduma, watoto aliowazaa na wanawake aliozoea kwenda nao mtoni. Pengine hakutaka kurudi kwa watu waliomwachia mwingine wakati wa shida. Pengine aliwapenda watoto wake, ambao kwa sheria za ukoo wasingeondoka naye. Pengine aliona ardhi ya juu ni bora. Sababu zozote alizokuwa nazo, uamuzi ulikuwa wake, na ni uamuzi wa mtu aliyekwisha kuanza upya na anajua alichojenga.

Hapa ndipo pingamizi zito linapotokea. Je, si uongo mtamu kuzungumza juu ya uamuzi wa watu waliobadilishwa kwa debe la mtama? Mtoto wa miaka kumi hachagui kuwekwa rehani, na mama anayeona watoto wake wakififia hachagui, anafuata uhai. Pingamizi hili ni la haki, na sitaki kulipunguza makali. Tena kuna mambo mabaya kuliko rehani. Baadhi ya wasichana waliangukia mikononi mwa misafara na kuuzwa kama watumwa. Wengine walifukuzwa ndui ilipozuka, kwa kuwa wenyeji waliona, wala hawakukosea, kwamba ugonjwa ulikuja na wakimbizi. Wengi hawakufika popote. Lakini jibu langu ni kwamba tunachanganya mambo mawili, kuondoka na kuanza upya. Kuondoka kulikuwa kwa kulazimishwa, na historia yoyote isemayo vinginevyo ni ya uongo. Kuanza upya hakuwezi kulazimishwa. Unaweza kumwamuru mtu alime. Huwezi kumwamuru ajifunze udongo, apate marafiki, amlee mtoto aipende nyumba, au amvute jirani upande wake siku ya baraza. Mambo hayo alifanya mwenyewe, kwa akili yake. Anayemwita mwanamke huyo mhanga kisha akanyamaza amesema ukweli wa siku moja na kuacha ukweli wa miaka arobaini.

Pingamizi la pili linahusu ushahidi. Waliotuandikia habari za Kitui ya zamani karibu wote walikuwa wanaume, na wengi walikuwa watumishi wa dola: C. W. Hobley aliyechapisha kitabu juu ya Wakamba mwaka 1910, Charles Dundas aliyeandika historia ya Kitui mwaka 1913, na Lindblom baada yao. Waliuliza wazee, na wazee waliwajibu habari za koo, vita na mifugo. Mwanamke aliyevuka mto hakuwa tena wa Kitui alipotafutwa wa kuhojiwa, na huko Embu hakuhesabiwa kuwa Mkamba. Kwa hiyo sauti yake haimo, na mtu anaweza kusema kwamba tunamwekea maneno mdomoni. Lakini ukimya wa maandishi si ukimya wa ushahidi. Mashauri ya wake mbele ya maofisa ni ushahidi. Koo za Mbeere na Embu zinazokubali kwamba bibi yao alitoka Ukambani ni ushahidi. Madai ya mahari yaliyosafiri ng'ambo ya Tana miaka mingi baada ya njaa ni ushahidi kwamba pande zote mbili zilimhesabu kuwa mke halali na mzazi wa ukoo. Wajapani wanatupa mfano mwingine hapa. Mwaka 1968 mwandishi Yamazaki Tomoko alikwenda Amakusa, akaishi kwa majuma kadhaa na mwanamke mzee aliyewahi kupelekwa Sandakan, Borneo, akiwa mtoto, akamsikiliza bila haraka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, na kutoka hapo taifa zima lililazimika kuwatazama wanawake ambao lilikuwa limewaonea aibu. Hakungoja hati rasmi. Alikwenda kwa aliyekumbuka.

Lililowafunika wanawake hawa zaidi kuliko uhaba wa maandishi ni mipaka ya kikoloni. Utawala wa Kiingereza uliweka kila jamii katika hifadhi yake, ukaandika kabila la mtu katika kipande chini ya sheria ya 1915, ukahesabu watu kwa makabila. Kabla ya hapo mtu wa kando ya Tana angeweza kuwa na baba Mmbeere, mama Mkamba, shangazi Mtharaka, na akawa mtu wa bonde lake kwanza. Baada ya hapo alitakiwa kuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilifuata baba. Hivyo mwanamke aliyekuwa daraja akapotea mara mbili: Mwingi ilimhesabu kuwa amekwenda, na Embu ikamhesabu kuwa amekuwa Mwembu. Watoto wake wakakua wakisoma vitabu vinavyosema makabila ya Kenya yalikuja kila moja kwa njia yake tangu kale, yakakaa kila moja mahali pake. Masimulizi ya namna hiyo yametumiwa na wanasiasa mara nyingi, na Wakenya tumeona madhara yake. Historia ya Ngomanisye ikisimuliwa sawasawa inayapinga kwa ushahidi wa nyumbani: miaka michache tu kabla ya dola kuchora mipaka, maelfu ya familia za nyanda za juu zilipata mama kutoka nchi kavu.

Isidhaniwe kwamba waliobaki Mwingi hawakuanza upya. Wajane waliobaki kwenye maboma yaliyobomoka walikuwa na desturi ya kuwasaidia, ile ya iweto, ambayo kwayo mwanamke asiye na mwana alimtolea mahari mwanamke mwingine, akamwingiza nyumbani, na watoto waliozaliwa wakachukua jina la nyumba hiyo. Walikuwa pia na mwethya, kundi la majirani la kusaidiana kulima, kujenga na kuvuna, ambalo katika karne ya 20 liliendelea kuwa tegemeo la wanawake hasa, wanaume wengi walipokwenda jeshini, polisi na mijini. Mwethya ndio uliochimba makinga maji ya Ukambani ambayo yaliifanya nchi iliyodhaniwa kuwa imekufa iweze kulimika tena. Mwanamke aliyevuka mto na aliyebaki walitumia elimu ileile: jinsi ya kugeuza watu wasio ndugu kuwa ndugu kwa kazi na kwa ahadi. Ndiyo maana nasema waliovuka hawakuacha Mwingi nyuma. Walikwenda na utaratibu wa Mwingi wa kuunda jamaa, wakautumia ugenini.

Haya yana uzito leo. Wasichana wa Kitui na Makueni, pamoja na wenzao wa Kenya nzima, wanaondoka kwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na mara nyingi ukame na ada za shule za wadogo zao ndivyo vinavyowasukuma. Mateso ya baadhi yao ni ya kweli. Mwaka 2014 serikali ilifikia hatua ya kufuta leseni za mawakala na kusimamisha safari hizo kwa muda. Lakini mazungumzo yetu juu yao yanafuata njia ileile ya zamani: anayepata shida tunamlilia, anayefanikiwa tunahesabu fedha alizotuma, na hatumuulizi hata mmoja wao alijifunza nini, alimtegemea nani, alijengaje maisha katika nyumba ambayo si yake. Tukiwafanya mabibi wa Ngomanisye kuwa hasara iliyosahaulika, tutawafanya na hawa kuwa fedha au msiba, na baada ya miaka mia hakuna atakayejua walikuwa watu wa aina gani.

Dawa ipo na si ghali. Kaunti ya Kitui ina shule, maktaba na wazee wa koo. Embu, Tharaka Nithi na Murang'a zinavyo pia. Wanafunzi wa shule za upili za Mwingi wakitumwa kuuliza nyumbani kwao ni nani walikwenda ng'ambo ya Tana, na wenzao wa Embu wakitumwa kuuliza ni nani walikuja, majibu yatakutana. Wajukuu na vitukuu bado wako hai, majina ya mabibi bado yanaitwa, na mashauri ya mahari bado yanakumbukwa katika koo. Kwa kuyakusanya hatutakuwa tunawafanyia wema wanawake wale. Tutakuwa tunakubali deni. Wao ndio waliofanya njaa kubwa kuliko zote isiwe mwisho wa watu wa nchi hii, kwa kulima palipokuwa na mvua, kuzaa palipokuwa na chakula, na kuwafanya wageni kuwa wajomba wa watoto wao. Historia ya Mwingi inayoishia ukingoni mwa Tana imeandikwa nusu.